Kifusi Katika Kisima cha Baba

Mwaka 2019 kanisa letu liliutangaza kuwa Mwaka wa Rehobothi, jina ambalo Isaka katika Biblia alikiita kisima chake kimoja, maana yake nafasi. Bango la bluu likatundikwa ukutani nyuma ya mimbari, maandishi ya rangi ya dhahabu: BWANA AMETUFANYIA NAFASI. Kwaya ya vijana ikatunga wimbo. Hata kusalimiana kukabadilika: mmoja akisema "Rehobothi!", mwenzake anaitika "Nafasi!" Kila mtu alikuwa na nafasi yake anayoingoja. Huyu ajira, yule mchumba, mwingine hati ya kiwanja iliyokwama mwaka wa tatu. Sikuwacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa na nafasi ninayoitaka, nayo ilikuwa nusu eka ya shamba la marehemu baba.

Nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo, na bado ni mzee wa kanisa. Jumapili nasoma somo, Jumatano naongoza maombi, siku zilizobaki nafundisha hisabati darasa la sita hapa Dodoma mjini. Watu waliniona nimesimama. Ndani nilikuwa nimekauka kama korongo mwezi wa kumi. Imani sikuwa nimeiacha, na wakati mwingine niliona afadhali ningeiacha, walau ningejua niko upande gani. Usiku nilikuwa napiga magoti kando ya kitanda na kuomba jinsi ninavyoita mahudhurio darasani: jina, yupo, jina, yupo, funga daftari. Kisha nalala. Ilikwenda hivyo mwaka na miezi kadhaa, mke wangu peke yake ndiye aliyejua, naye hakusema kitu.

Chanzo nilikuwa nakijua ila sikutaka kukitaja. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyebaki kijijini kwetu, kando ya barabara iendayo Singida. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, ardhi ya vijiji vyetu, ambayo zamani mtu alikuwa anakugawia kwa debe la uwele na shukrani, ikaanza kuwa na bei. Wanunuzi wakaja na magari yenye viyoyozi. Mwaka 2017 kaka akauza nusu eka upande wa barabarani bila kuniambia. Nikapata habari kwa mtu baki, kwenye daladala. Tukaenda baraza la kata, tukakaa kwenye benchi moja tukitazama pande mbili, na tangu siku hiyo hatukusemezana. Harusi ya binti yake sikwenda. Nilituma elfu hamsini kwa simu, bila ujumbe.

Basi mwezi wa tano mwaka ule wa Rehobothi nikaenda kumjulia hali mchungaji mstaafu aliyenibariki ujanani, mzee anayekaa na mjukuu wake na mizabibu yake michache nyuma ya nyumba. Nikamweleza habari za bango. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mmeanzia aya ya ishirini na mbili," akasema. "Nani kawaambia mtu anaingia sinema katikati? Chukua hiyo Biblia, mwanangu. Mwanzo 26. Anza ya kumi na tano, unisomee kwa sauti, macho yangu siku hizi hayashiki."

Nikasoma. Na vile visima vyote ambavyo watumwa wa babaye walivichimba siku za Ibrahimu, Wafilisti walikuwa wamevifukia, wakavijaza kifusi.

"Hapo hapo, simama," akasema. "Kabla ya nafasi kuna kifusi. Nenda ukakae na hilo neno, usije kwangu mwezi mzima."

Sura yenyewe nilikuwa nimeisoma mara nyingi kama watu wengi wanavyosoma habari za Isaka, yaani kwa kupita, njiani kutoka kwa baba yake maarufu kwenda kwa mwanawe mwenye visa. Isaka hana safari kubwa, hana ndoto ya ngazi. Kuna njaa katika nchi, anakwenda Gerari kwa Wafilisti, Mungu anamwambia akae palepale naye atakuwa pamoja naye. Na jambo la kwanza analolifanya baada ya ahadi hiyo ni kusema uongo: anaogopa watamuua kwa ajili ya uzuri wa Rebeka, anasema ni dada yake. Hili lilinituliza kidogo. Huyu mtu ambaye sura nzima itakuwa juu ya visima vyake vya kiroho, tukipenda kuviita hivyo, anaanza kama mwoga tu. Kisha analima, anavuna mia kwa moja mwaka uleule, anakuwa na kondoo na ng'ombe na watumwa, na wenyeji wanamwonea wivu. Ndipo tunaambiwa juu ya kifusi.

Msomaji wa mahali penye mito hawezi kulisikia neno hilo sawasawa. Beer-sheba na nchi ile ya kusini inapata mvua kama milimita 200 kwa mwaka. Sisi Dodoma tunaoitwa watu wa ukame tunapata kati ya 500 na 600, zote katika miezi michache, halafu anga linafungwa. Wafilisti wale nao walikuwa na mifugo. Maji ya visima vile wangeweza kuyanywa wao wenyewe. Lakini waliona bora wote wakose kuliko yule apate. Kwa Kiswahili chetu hiyo inaitwa kukomoa, na mtu aliyekulia kijijini hahitaji kitabu cha ufafanuzi kuielewa.

Nilikaa na kifusi mwezi mzima. Niliporudi, mzee akaniambia jambo ambalo mwanzoni nililipokea kwa shingo upande. Alisema kuwa karne ya tatu mwalimu mmoja wa Kanisa, Origeni wa Aleksandria, alihubiri juu ya visima hivihivi akasema kila nafsi ina kisima chake cha maji hai, nacho kimejazwa udongo, na kazi ya Neno ni kufukua. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Usomaji wa namna ile, ambapo kila mbuzi katika hadithi ana maana yake ya siri, huwa unanichosha. Nimewahi kumsikia mhubiri akieleza maana ya kiroho ya masikio ya punda wa Balaamu. Kwa hiyo nikajiwekea sharti: kwanza maji yawe maji. Watu wawe na kiu kweli, mikono ipate malengelenge kweli. Hadithi ikishakuwa hadithi ya watu, ndipo niiulize kama ina neno na mimi.

Na kwa upande wa maji, nilikuwa na kisima.

Baba alihamishiwa kijiji kile wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipokusanywa kutoka kwenye maboma yaliyotawanyika. Alikuta nyumba zimepangwa kwa mistari na maji yako mbali. Akachimba kisima mwenyewe pembeni mwa shamba, yeye na shemeji yake, kiangazi kizima. Alikuwa akikipima kwa pima za mikono yake, akasema ni pima saba, yaani zaidi kidogo ya mita kumi na mbili. Sehemu ya juu alijengea mawe. Mtaa mzima ulichota pale mpaka bomba la kijiji lilipokuja, na likija bomba, nani atavuta kamba? Kisima kikaachwa. Baba alifariki mwaka 2009, na wakati huo kilikuwa kimeshakuwa shimo la taka lenye mawe mazuri juu.

Kiangazi kile cha 2019 pampu ya kijiji ikafa. Wakaambiwa kipuri kinaagizwa. Akina mama wakarudi kufukua mchanga korongoni kama bibi zao. Mimi nikachukua likizo yangu ya mwezi wa tisa, nikatoa akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya wakili, nikatafuta fundi wa visima, nikaenda. Kaka sikumwambia. Kisima kilibaki upande ambao haukuuzwa, kwa hiyo nilijiambia sina haja ya ruhusa yake.

Fundi alikuwa mtu mfupi, mkavu, hana haraka hata kidogo. Alifika na vijana wawili, sululu ya mpini mfupi, mtaimbo, ndoo mbili za chuma, kamba ya katani na roda moja kuukuu. Nilidhani atashuka moja kwa moja. Badala yake aliomba kopo, akaweka mshumaa uliowashwa ndani yake, akauteremsha taratibu kwa kamba. Tuliinama wote wanne kuutazama. Ulipofika kama nusu ya njia ukafifia, ukalala, ukazimika.

"Unaona, Mwalimu? Hewa nzito. Ningeshuka sasa hivi mngenitoa maiti."

Akakata matawi ya mti yenye majani mengi, akayafunga kwenye kamba kama ufagio, wakaanza kuyapandisha na kuyateremsha, kuyapandisha na kuyateremsha, karibu saa nzima, kuichafua ile hewa iliyolala ipande juu. Mshumaa ukateremshwa tena. Safari hii ulifika chini ukiwaka. Ndipo akajifunga kamba kiunoni, akawauliza vijana wake mmoja mmoja kwa jina kama wameishika, akashuka.

Usiku ule nililala kwenye nyumba ya jirani nikifikiria mshumaa. Maana miezi michache kabla, baada ya kusikia habari za kifusi, nilikuwa nimejaribu kujifukua mwenyewe. Nilikaa sebuleni saa nane za usiku, nikaanza kukumbuka kila kitu: uuzaji, benchi la baraza, daladala, mambo ya utotoni hata. Nilidhani huko ndiko kujichunguza. Kulipokucha nilikuwa na hasira ya kutetemeka na sikuwa nimeomba hata neno moja. Nilipomsimulia mchungaji, aliniuliza swali moja tu: "Na kamba alikuwa ameishika nani?" Sikumwelewa mpaka nilipomwona fundi akiwauliza vijana wake vile.

Tangu hapo kazi hiyo siifanyi peke yangu usiku. Naifanya mchana, na nikitoka huko namweleza mke wangu nilichokiona, hata kama ni aibu. Yeye haongezi mengi. "Haya, toka sasa, chai imepoa."

Siku mbili za kwanza zilikuwa za taka. Yalipanda madumu, kandambili zisizo na wenzake, betri za redio, chupa, vyandarua, fupa la mbuzi aliyetumbukia zamani. Fundi aliniambia watu wanadhani kufukua kisima cha zamani ni rahisi kuliko kuchimba kipya, kumbe udongo wa asili unakatika vizuri, lakini takataka zinashikana, kila ndoo ni mieleka. Siku ya pili mchana ndoo ikapanda imejaa mawe. Mawe ya mviringo, ya ukubwa wa ngumi, mengi mno.

"Haya si ya ukuta," fundi akapaza sauti kutoka chini. "Haya yametupwa!"

Nikayatambua. Nilikuwa na miaka saba au minane. Mimi na wenzangu tulikuwa tukitoka shule tunapita korongoni kuokota mawe, tunakuja kuyaachia kisimani mmoja mmoja, tunasikiliza: kimya, kimya, chubwi. Nani jiwe lake linalia vizuri zaidi. Baba alinichapa mara moja kwa hilo, nikaacha wiki moja.

Nilikaa juu ya lile rundo. Kwa miezi minne nilikuwa nimesoma aya ya kumi na tano na Mfilisti wangu alikuwa na sura moja tu, sura ya kaka. Yeye ndiye aliyenifukia. Yeye ndiye aliyekausha maombi yangu kwa alilonifanyia. Na hapa ndoo baada ya ndoo vilikuwa vinapanda vitu nilivyovitupa kwa mkono wangu, tena kwa furaha. Nusu eka ile haikuwa imeziba kisima chochote. Kilichokiziba ni kile nilichokuwa nakitupa humo kila siku tangu iuzwe: mashtaka niliyokuwa nayapanga kichwani nikiwa njiani kwenda kazini, maneno makali niliyoyatunga nikiwa naoga, raha ndogo niliyoipata niliposikia ng'ombe wake wawili wamekufa. Jiwe moja moja. Kimya, kimya, chubwi.

Kuna kitu kingine katika sura ile ambacho ningekipita kama nisingekuwa nimekaa kwenye kifusi. Isaka alipovichimbua visima, aliviita majina yaleyale aliyoviita babaye. Angeweza kutoa majina yake. Mimi kwa maombi nilikuwa nimetoa majina mapya mengi. Nilikuwa nimehudhuria semina, nilijua kuomba kwa hatua, kwa mfungo, kwa kupiga makofi. Baba yangu alikuwa na sala moja tu ya alfajiri. Alikuwa anakaa kwenye kigoda nje, kabla hajashika jembe, anasema: "Bwana, umeniamsha. Nishike mkono na leo." Kisha Baba Yetu, polepole, kwa sauti ya chini. Basi. Nilipokwenda chuo cha ualimu nilianza kuionea aibu sala hiyo, nikiiona ya mtu ambaye hakusoma. Asubuhi ya siku ya tatu pale kijijini niliamka kabla ya fundi, nikakaa kwenye jiwe la kisima, nikaisema. Sikusikia chochote cha ajabu. Ila niliisema bila kuita mahudhurio.

Na Eseki na Sitna? Hapo niseme kidogo, maana ndipo wahubiri wengi wanapopita mbio wakiwahi Rehobothi. Watumwa wa Isaka walichimba bondeni wakapata maji yanayobubujika, na wachungaji wa Gerari wakaja: maji haya ni yetu. Akakiita kisima Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba kingine, wakakigombania nacho, akakiita Sitna, uadui. Mchungaji mstaafu, aliyesoma Kiebrania chuoni na bado anakijua, aliniambia Sitna inatoka katika shina lile lile lililotupa neno Shetani. Ninachokipenda ni kwamba Isaka hakuupamba ugomvi. Aliupa jina lake halisi, akaliacha pale ili kila apitaye ajue. Mimi wangu nilikuwa nauita "kutafuta haki". Nilipotoka kijijini nilinunua daftari la kurasa arobaini, nikaandika ukurasa wa kwanza: Eseki, shamba. Ukurasa wa pili: Sitna. Chini ya Sitna iliniwia vigumu kuandika, kwa sababu hapo shamba halimo. Hapo kuna ng'ombe wawili waliokufa na mimi nikafurahi.

Lakini nisieleweke vibaya. Nimeshasikia sura hii ikitumiwa kumnyamazisha mjane. Mume kafa, mashemeji wamekuja na panga kupima mipaka, na mtu wa Mungu anamwambia, "Mama, kuwa kama Isaka, waachie, Bwana atakupa Rehobothi." Huo ni ukatili unaonukia uvumba. Isaka alikuwa na watumwa, mifugo na nguvu ya kuchimba kisima kingine kesho yake, tena Abimeleki, mfalme wa Gerari, mwenyewe alikiri kwamba Isaka ana nguvu kuliko wao. Aliacha kwa sababu aliweza kuacha. Mjane mwenye watoto wanne na eka moja hana kisima cha pili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na kanisa linalomfahamisha hilo na kumsindikiza barazani limemhubiria vizuri zaidi. Mimi nina mshahara, nina nyumba mjini. Nusu eka ile nilikuwa naweza kuiacha. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaniuma, kwamba ninaweza.

Siku ya tatu jioni kaka akaja.

Nilimwona kwa mbali akivuka shamba, fimbo mkononi, mwendo wa baba kabisa. Akafika, akawasalimia vijana wa fundi, akawajulia hali, mimi akanipita kwa macho. Akasimama kando ya kifusi, akainama, akaokota jiwe moja la mviringo, akaligeuzageuza. Alikuwepo yeye pia, siku zile. Lake ndilo lililokuwa linalia vizuri kuliko yote.

Akalitupa pembeni. "Roda hiyo haina grisi," akasema, bila kumwambia mtu. Akaenda nyumbani kwake, akarudi na kopo la grisi, akapaka. Kisha akamwondoa kijana mmoja kwa bega, akashika kamba. Upande wa pili wa kamba nilikuwa mimi. Tulivuta ndoo kama ishirini hivi, tukipokezana pumzi, hakuna aliyefungua mdomo.

Jua lilipokaribia kuzama, fundi akapiga kelele chini kwamba udongo umebadilika, umekuwa wa baridi. Akapanda akiwa na tope mpaka magotini. Vijana wakataka kuendelea kwa taa, akakataa. Akasema kisima kikishafika hapo hakisukumwi, kinaachwa kilale. Asubuhi tuliteremsha kopo likarudi na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Yakachotwa yakamwagwa, yakajaa tena, yakachotwa yakamwagwa, mara tatu, kila mara yakija meupe zaidi. Bwana afya wa kijiji akasema yatiwe klorini na yasinywewe kwa siku kadhaa. Akina mama walikuwa wameshapanga ndoo.

Kaka aliniita nyumbani kwake kula. Shemeji alichinja kuku. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza, kumeza yote, kuwa mkubwa kiroho, kumbe si hivyo Isaka alivyofanya. Abimeleki alipokuja na wakubwa wake kutafuta amani, Isaka aliwauliza kwanza: mbona mmenijia, nanyi mmenichukia mkanifukuza? Akauliza, kisha akawaandalia karamu. Basi nikauliza. "Kaka, kwa nini hukuniambia?" Mkono wangu ulikuwa umeshika kipande cha ugali na ulikuwa unatetemeka.

Alitafuna kwa muda mrefu. "Mtoto alikuwa anadaiwa ada ya chuo," akasema. "Nikakupigia mara mbili, hukupokea. Nikaona, huyu Mwalimu, bwana, ana mambo yake ya mjini." Halafu: "Nilikosea, mdogo wangu. Ningekuja mwenyewe."

Simu hizo mbili nazikumbuka. Niliona jina lake nikasema nitampigia baadaye.

Shamba halikurudi. Aliyenunua amejenga ukuta wa matofali na geti jeusi, na nikipita pale kwa basi moyo bado unaruka kidogo. Ukurasa wa Eseki nimeufunga. Wa Sitna bado naongeza mstari mara chache, si juu ya kaka, juu ya watu wengine, maana mkono uliozoea kutupa mawe hauachi mara moja.

Niliporudi mjini nikaenda kwa mchungaji mstaafu nikiwa nimevimba kichwa. Nikamsomea mwisho wa habari: Isaka akapanda Beer-sheba, Bwana akamtokea usiku, akajenga madhabahu, akapiga hema, watumwa wakaanza kuchimba. Nikamwonyesha huo mpangilio, kwanza madhabahu, kisha pa kulala, kisha kisima. Nikamsomea jinsi Abimeleki alivyoapishana naye asubuhi, akaenda zake kwa amani, na siku ileile watumwa wakaja wakisema, "Tumeona maji." Amani na maji siku moja, kama mimi. Nikafunga kitabu kama mtu aliyepata jibu la hesabu na kulipigia mstari chini.

Mzee akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba katika tafsiri ya kale ya Kiyunani, ile waliyoitumia Wakristo wa kwanza wengi, mstari huo unasema kinyume. Watumwa wanakuja siku ileile ya amani na kusema: hatukuona maji. Kwa Kiebrania, neno la "kumwambia yeye" na neno la "hapana" yanatamkwa sawasawa, yote ni "lo", na mtafsiri alilisikia la pili.

"Ipi sahihi?" nikamuuliza.

"Kiebrania ni tumeona maji. Ndiyo tunayoisoma kanisani." Akanyamaza, akachuma zabibu moja kavu iliyobaki kwenye kichala. "Ila mimi ni mzee. Nimeomba miaka sitini. Kuna siku ninafanya yote sawa, na wewe, na wenzangu, na Mungu wangu, na jioni ripoti ni ile ya Wayunani."

Sikupenda kusikia hivyo. Nilikuwa nimekuja na maji yangu.

Mwaka uliofuata mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kimeuma, nilikuwa sebuleni alfajiri nimekaa na sala ya baba. Nilikuwa nimeisema, nikakaa, na hakukuwa na kitu. Wiki ya pili hiyo. Si ule ukavu wa zamani, kaka na mimi tulikuwa tunaongea karibu kila siku, daftari lilikuwa jeupe. Kimya tu. Simu ikalia, jina lake. Nikapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mwalimu, maji yamepungua. Ndoo inagusa tope. Nimtafute fundi?"

Nikafikiri kidogo. "Tope la baridi au la kawaida?"

Nikamsikia akiuliza mtu, na mtu akijibu kwa mbali. "La baridi."

"Kiache kilale," nikamwambia. "Mkiangalie asubuhi."